Ngumi ya Ansima

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua inanyesha tena, umeme umekatika, na mimi siwezi kukaa. Nimefagia sebule mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na cha kufagia.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba nilichagua ualimu wa chekechea ili niikimbie hesabu. Nilijidanganya. Mwaka wa kwanza tu tukapewa kozi ya hesabu ya msingi, na profesa wetu, mzee mpole mwenye koti moja la kahawia, akatutesa muhula mzima kwa swali moja: tano ni nini? Si alama mnayoandika ubaoni, alisema, wala si neno mnalotamka. Mtoto anaweza kuwa na tano kichwani kabla hajajua kuiandika wala kuitaja, na kazi yenu ni kuitafuta huko iliko. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nilijaza ukurasa mzima, nikapata kumi na sita kwa ishirini, nikampigia mama simu nikiwa bado barabarani, napiga kelele.

Alama hizo leo zinanichoma.

Sasa niko kwenye stage, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya chekechea hapa mjini. Alhamisi directrice, mkuu wa shule, alinipa kazi ya kuwapima watoto wanaotarajia kupanda darasa la kwanza. Ni kazi nyepesi ukiisoma kwenye karatasi. Unaweka vifuniko vya chupa mezani, viwili, kisha vitatu, hivyo hivyo hadi kumi, na kila mara unamuuliza mtoto viko vingapi. Akikosa mara tatu kwa idadi moja, unasimama hapo na kuandika.

Ansima ana miaka sita. Mwaka huu ametoka kijijini Mudaka kwa wazazi wake, sasa anaishi na nyanya yake mtaani Kadutu. Nyumbani wanaongea Mashi. Shuleni haongei kabisa, anajibu kwa mikono. Kwa vifuniko viwili alinionyesha vidole viwili. Kwa vitatu, vitatu. Kwa vinne alinyoosha vidole vinne vya mkono mmoja, viwili huku na viwili huku, vimeachana katikati. Nikaweka vitano.

Akafunga mkono. Ngumi kabisa, kidole gumba kimeingia ndani.

Nikauliza tena. Ngumi. Nikauliza mara ya tatu, "Ansima, iko ngapi?", akaisogeza ile ngumi karibu na uso wangu, kama vile mimi ndiye nisiyeona vizuri.

Nilifikiri anagoma. Nyuma yake foleni ya watoto ilikuwa inasukumana, kichwa kinaniuma, nikaushika ule mkono na kuufungua kidole kimoja kimoja. "Fungua! Tano iko hivi!" Hakulia. Aliutazama mkono wake ulio wazi, kisha akaurudisha mgongoni. Nikaandika: hatambui idadi inayopita nne. Directrice alisoma, akaniambia kazi safi, na nikafurahi.

Ijumaa nyanya yake aliitwa, nami nilikuwepo. Aliambiwa kwamba mtoto atarudia mwaka, na kwamba orodha itabandikwa Jumatatu asubuhi. Hakubishana. Alikunja leso aliyoishika, akaikunja tena, akasema, "Basi, Madame, nitamurudisha Mudaka. Kama masomo inamushinda, atasaidia mama yake ku shamba." Niliitikia kwa kichwa. Ndiyo, niliitikia.

Kisha jana.

Mama alikuwa kwenye simu na dada yake aliye Uvira, na simu ya hao wawili haikatiki kirahisi. Mwanamke muuza avoka akasimama mlangoni kwetu. Mama akanituma kwa macho nilete beseni. Muuzaji akauliza, "Maman, nikuwekee ngapi?" Mama hakuacha kuongea. Aliinua mkono wa pili, akaufunga, gumba ndani. Yule mwanamke akaanza kuweka avoka ndani ya beseni nililoshika: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaacha hapo.

Nilibaki nimesimama na beseni langu.

"We, unasimama pale sawa nguzo, juu ya nini?" mama akaniuliza.

Ngumi ile nimeiona maisha yangu yote. Mama anahesabu hivyo, mama yake alihesabu hivyo, na kumi kwao ni ngumi mbili. Mimi mwenyewe nilihesabu hivyo hadi darasa la pili, siku mwalimu aliponichapa vidole kwa rula na kuniambia tano huonyeshwa kwa mkono wazi. Nilijifunza. Nilijifunza vizuri mno, mpaka Alhamisi nikamshika mtoto wa mtu mkono na kumfanyia lile lile.

Ansima alijibu sawa mara tatu.

Naandika na haya pia, maana nimeahidi kutodanganya hapa: jana mchana kutwa nilikuwa natafuta namna ya kunyamaza. Directrice ndiye anayenipa alama za stage. Nikimwambia nilipima vibaya, atauliza nimewapima vibaya wangapi wengine, na anaweza kunirudisha nyuma mwaka mzima. Nilijiambia mtoto alipaswa kutamka. Nilijiambia mwaka mmoja si kitu. Nilisema hivyo kwa sauti, jikoni, na mwaka niliokuwa nauona mdogo ulikuwa wa Ansima. Wangu ulikuwa mkubwa.

Leo baada ya misa nilipanda moto, yaani pikipiki, hadi Kadutu, nikashuka njia ya miguu iliyobaki, nikiteleza na viatu vya kanisani. Nyanya alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Alinifutia kiti, akanikaribisha kwa heshima nisiyostahili. Karibu na mlango palikuwa na mfuko wa nguo za mtoto, umeshafungwa.

Nilitandaza vifuniko kwenye mkeka, vitano. Ansima alikuja, akavitazama, akaficha mikono yote miwili mgongoni. Nikamuuliza kwa Mashi yangu mbovu. Hakuitoa. Siku tatu zilizopita mtoto huyu alikuwa ananisogezea jibu usoni. Kitu pekee nilichomfundisha mimi, mwenye kumi na sita kwa ishirini, ni kuficha mikono. Nilitaka kulia na nilijizuia kwa sababu ya nyanya.

Basi nikafunga mkono wangu mwenyewe, nikauinua juu ya vifuniko.

Aliutazama muda mrefu. Kisha akasogea, akaushika, na polepole akalisukuma gumba langu ndani. Nilikuwa nimeliacha nje. Akabana vidole vyangu juu yake, akahakikisha vimekaa. Halafu akachukua vifuniko viwili vingine kwenye mfuko wangu, akaviweka pamoja na vile vitano, na bila kuulizwa akaniinulia ngumi moja na vidole viwili vya mkono wa pili.

Saba. Kwenye karatasi yangu sikufika huko.

Nyanya alikuwa ameacha sombe yake. "Madame, kumbe hukujua?"

"Nilijua, Nyanya. Nilisahau."

Aliutazama mfuko wa nguo. Nilimwomba aufungue. Alikataa kwa upole: alishamwahidi mtu wa Mudaka kwamba mtoto ataondoka naye kesho saa mbili, na ahadi ataivunja akisikia neno la directrice, si langu. Ana haki. Neno langu analijua lilivyo.

Kwa hiyo nazunguka sebuleni, mvua juu ya bati, na nafanya mazoezi ya sentensi moja. Nimeijaribu ikiwa ndefu, yenye kozi, profesa na maelezo ya mila, na kila nikiirefusha nasikia najitafutia pa kujificha. Imebaki fupi: nilikosea mimi, mtoto alijibu sawa.

Shule inafunguliwa saa moja. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa mlangoni pa directrice na vifuniko vyangu kumi, na kama ataniuliza Ansima alinijibu nini, sitasema neno. Nitamwinulia mkono, gumba ndani.