Sitasaini Kwamba Nimevikagua

Jumanne, mchana. Jua la Musoma linachoma na ziwa limetulia kabisa. Mimi sijatulia.

Wewe uliyefika hapa kwenye ukurasa wangu, nakuomba: haya yaishie kwako. Usiyapeleke kwenye grupu lolote, hata la kwaya. Mji ni mdogo, na bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini.

Mimi ni karani wa stoo. Tuliletewa vifaa sita vya kubusti gari, vile vidogo vya bei rahisi: unabana nyaya zake kwenye betri iliyokufa, unapiga stati, gari linawaka. Cha kwanza nilimkabidhi Mzee Wambura, dereva wetu wa njia ya Butiama.

Ijumaa pikapu yake iligoma kuwaka hukohuko. Fundi wetu alikuwa amezifunga nyaya zote mbili za betri ya gari kwa utepe mweusi, kwa hiyo huwezi kujua ipi ni ipi. Mzee akakisia. Akakosea. Karatasi ya maelekezo inasema ukikosea, kifaa kinalia na kukataa.

Hakikukataa.

Kilipata moto, kikavimba, akakitupa kwenye nyasi kikifuka moshi. Amerudi na kiganja kimebabuka.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nilikuwaga nawasha kwa kusukumwa, salama tu. Hiki ulichonipa ni jiko."

Nilicheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Maana kwenye fomu ya kumkabidhi nilisaini "kimekaguliwa". Sikukikagua. Ofisini kwetu tunasaini tu, ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza.

Leo mkuu wa usafirishaji ameniletea fomu za vile vitano vilivyobaki. Anasema kosa ni la dereva. Sawa, alikosea. Lakini kifaa kinachotaka mtu asikosee kamwe hakifai kwa magari yaliyofungwa nyaya kama yetu. Sisemi kila cha bei rahisi ni kibaya. Nasema hivi vitano hakuna aliyevijaribu.

"Binti, wewe ni karani, siyo fundi umeme."

"Ndiyo, bosi. Ndiyo maana siwezi kusaini kwamba nimevikagua."

Nikavuta fomu. Nikaandika: HAVIJAKAGULIWA, VISITUMIKE. Nikaweka majina yangu, yote matatu.

Anasema kesho asubuhi ataleta karani mwingine wa kusaini. Amlete. Naogopa, na sifuti hata herufi moja.

Kama wewe ni dereva wetu, usipokee kifaa kabla hujaniona. Usipige simu ya ofisi, anaipokea yeye. Pita geti la nyuma, upande wa gereji, saa nne watu wakiwa kwenye chai, ugonge dirisha la stoo. Akifungua mtu mwingine, ujue wameshanitoa. Njoo mtaani kwetu Iringo, uliza nyumbani kwa karani aliyefukuzwa. Nakala ya fomu niliyoiandika leo ninayo, nitakusomea mwenyewe.