Nilisimama ku Maulidi nikaahidi mikeka, na garanti ya Kasapa inaningojea

Mama Alima mupendwa,

Nakusalimia weye na bote benye kusikiliza radio yako, na nakuomba unishikie mukono, juu nimejifunga na kinywa yangu mwenyewe na sasa sijue namna ya kujifungua, na siku inakaribia.

Miye niko mwanamuke wa kuuza mikate, ile ya kukaanga mu mafuta, pamoja na maharagi, ku barabara karibu na nyumba yetu mu komini Kenya, ule mutaa wa hapa mujini, ni kazi nilikuta kwa mama yangu Fatouma, marehemu, Mungu amurehemu, aliifanya tangu siye tuko batoto, na alikuwa na sheria zake: feza ya unga aliifunga ku pembe ya kitambala yake, na hata tulie namna gani ile feza haikuguswa, na kila asubui mukate wa kwanza wenye kutoka mu mafuta alimupatia muntu wa kwanza mwenye kupita, akuwe mwanafunzi, akuwe mulevi, akuwe kichaa, alisema ile njo sadaka yake, kiisha njo anaanza kuuza.

Bwana yangu Abdoul iko mushonaji, muntu ya heshima, mais unajua kazi ya kushona, inatembea wakati wa sikukuu, kiisha cherehani inalala, kwa hiyo njo kikaango yangu inalisha nyumba. Tangu mwaka jana niko nazunguka Kasapa, pale banafunzi ba chuo kikuu banapitaka na njaa asubui na mangaribi, na nikapata kachumba kamoja kwa papa Kapya, kenye mulango wa kutazama barabara, na ule papa ananipenda juu anakulaka mikate yangu, akasema atanichungia kale kachumba mpaka mwisho wa mwezi huu, nyuma ya pale atakapatia mwengine. Na unajua mambo ya garanti hapa kwetu, muntu analipa kodi ya miezi mingi mbele hata hajaingiza kiti. Ile garanti nilikuwa nimeifikiria mbele: tuko na likelemba, siye banamuke ba musikiti, kila juma kila mumoja anatosha feza yake, mumoja wetu anapokea yote, na juma yenye kukuya zamu ya kupokea ni yangu. Feza inatosha sawasawa kwa garanti na mufuko ya kwanza ya unga, haibakie kintu.

Sasa sikia penye nilianguka. Siku ya Maulidi, kwetu iko desturi, mama anasimama, anasema kintu yenye atatolea musikiti, prezida ya banamuke anarudilia jina yake ku mikro, na vigelegele vinapigwa. Mama Mounira, bibi ya mwenye makamio ya kubeba mizigo, akasimama, akasema atalipa mabati ya baraza, na banamuke bakapiga vigelegele mpaka batoto bakaamuka. Miye nilikuwa nimekaa ku kona ya ukuta, palepale mama yangu alikuwa anasalia, pa simenti, juu upande wetu mikeka haitoshe, na mwaka yake ya mwisho magoti yalikuwa yanamuuma mpaka nilikuwa nasikia anaguna ku kila sijida. Nikakumbuka ile sauti. Na tena, sitakuficha, Mama Alima, niliona vile bote balikuwa banamutazama Mama Mounira, na miye habajanitazamaka vile hata siku moja. Nikasimama. Nikasema, “Miye Mawazo, kwa jina ya mama yangu Fatouma, nitatandika mikeka upande wote wa banamuke.” Prezida akalia mbele ya kuisema ku mikro. Mama mumoja akanikumbatia. Nilirudia nyumbani nikitembea sawa bibi-arusi.

Kesho yake nikaenda kuuliza bei, na muuzaji alipomaliza kupima na kuhesabu nikaomba kiti. Mikeka ile inakula likelemba yote.

Sasa kila ijumaa prezida ananichekea na kuniuliza, “Mawazo, mikeka yetu inakuya?” na miye najibu inshallah na sauti ndogo. Abdoul anasema feza ni yangu, mais jina ya marehemu haichezewe. Rafiki yangu mumoja ananishauri niseme bezi baliingia na kuiba likelemba, mwengine anasema kuna muntu mu soko anakopesha mbio, anaomba tu umurudishie na nusu juu yake, na miye najua ile ni riba na ninaogopa, mais juzi nilijikuta nasimama mbele ya mulango yake, nikarudia. Nikilipa mikeka, kachumba kanaenda na nitabaki na kikaango yangu mu vumbi mpaka nizeeke. Nikilipa garanti, nitakuwa nimemwibia mama yangu mu kaburi yake. Sipate usingizi, Mama Alima. Niambie, nifanye nini?

Mawazo, komini Kenya

*

Mawazo, mutoto yangu,

Pole. Nitaanza na pole, juu nyuma yake nitakugombeza.

Barua yako niliisoma, nikacheka pa muuzaji na kiti, kiisha nikafika pa magoti ya mama yako nikaweka miwani chini. Mwenye alikuzaa hakupata hasara. Lile neno ulisema ku Maulidi lilitoka pahali pazuri, na muntu asikudanganye kama ilikuwa majivuno tu. Nusu ilikuwa mapendo. Ile nusu ingine, weye mwenyewe umeitaja, na nakushukuru kwa kusema kweli.

Mais we mama, nani alikutuma? Ulisimama mbele ya Mungu na bantu ukagawa feza yenye haijafika hata mu mukono yako. Likelemba yenye haujapokea bado iko jasho ya benzako. Tena ulijipima na Mama Mounira. Yeye akitoa mabati leo, kesho kamio inaenda Sakania na inarudia na feza ingine. Weye ukitoa kikaango yako leo, kesho utakaanga mu nini? Mungu anajua hesabu ya kila muntu, na hangojee mikro.

Rafiki yako wa bezi, muache na akili yake. Ukisema baliiba, bamama bale batakuchangia kwa huruma, na utakula mukate wa uongo na batoto bako. Na ule mwenye kukopesha mu soko, mulango yake usipite tena hata kwa kusalimia. Uliposimama pale na ukarudia, ile siku uliokoka. Usijaribu mara ya pili.

Miye si shehe. Kwa hiyo nilienda kuuliza shehe wetu, jina yako sikulitaja. Aliniuliza neno moja tu: ule mama alisema ataleta lini? Nikamwambia hakusema siku. Akasema, “Ahadi ailipe, asiivunje. Mais ailipe na nguvu yake, si na nguvu ya bibi ya mwenye makamio.” Nikatoka pale na roho imetulia, na yako pia itulie.

Sasa nisikilize. Jibu haukuitaji kuniuliza, uliliandika weye mwenyewe na ukapita juu yake mbio. Mama yako alitoa sadaka kila siku ya maisha yake. Alitoa nini? Mukate. Unga hakutoa hata siku moja. Feza ya unga ilikaa mu pembe ya kitambala, na mulilia, na haikuguswa. Unafikiri alikuwa na choyo? Alijua siku atatoa unga, kesho yake mwenye kupita hatapata mukate na nyinyi hamutakula. Aliweza kutoa myaka yote ile juu hakugusa penye sadaka inatoka. Mawazo, likelemba ile njo unga wako. Ukiitoa yote, si mama yako unaheshimu. Unamuvunjia sheria yake.

Basi fanya hivi. Siku utapokea, usipite soko, usipite nyumbani, usimuonyeshe muntu. Enda na Abdoul moja kwa moja kwa papa Kapya, mulipe garanti, na akuandikie karatasi ya kupokea, aweke saini, na shahidi asimame. Usione haya kuomba karatasi. Mwenye nyumba muzuri hakasirikake juu ya karatasi, na mwenye kukasirika, ni vizuri umujue mbele ya kulipa.

Mbele ya ijumaa, enda kwa prezida. Nyumbani kwake, si ku musikiti. Mwambie, “Mama, mikeka niliahidi nitaileta, mais itakuya mumoja mumoja.” Usilie, usijieleze mpaka chai ipoe. Kama ni mama ya akili atakushika mukono. Kama atanuna, atanuna, na mikeka itakuya vilevile. Kiisha, kila jioni pale Kasapa, tosha kwanza feza ya unga na ya maharagi, ifunge. Tosha ya kodi na ya nyumba. Kwa yenye kubakia, kata kipande ya feza ya mikeka, hata iwe ndogo ya kukuletea haya, uiweke mu kopo yake. Siku kopo itatosha mukeka mumoja, uende ununue mumoja, na uutandike palepale ku kona ya ukuta, penye mama yako alikuwa anaguna. Upande wote utangoja. Iko mama mwengine leo mwenye magoti yanamuuma, yeye haombe upande wote, anaomba tu pa kuweka magoti yake.

Na nyinyi bengine munasikiliza, musimucheke Mawazo, juu barua kama yake napata nyingi, hata za bamama ba kanisa, benye kutosha fungu la kumi kwanza na kiisha kuniuliza dawa ya mutoto itatoka wapi. Weye mwenye mushahara, toa kile yenye utaweza kutoa tena mwezi wenye kukuya, si kile ya kukufanya ukope sukari. Weye mwenye kulima kule Lukafu, mbegu haikulwe na haitolewe, ngoja mavuno, pale toa na mukono mukunjufu. Weye mwenye hauna hata kikaango, haudaiwe kintu na muntu. Sadaka iliwekwa kwa ajili yako, enda uombe na uso juu, na siku Mungu atakufungulia utakumbuka mulango yenye ulipigia. Na weye mama mwenye makamio, nakujua unanisikiliza, toa mingi, Mungu akuzidishie. Mais ku Maulidi yenye kukuya toa kimya-kimya, na umwambie prezida azime ile mikro, juu inachoma benzako.

Mawazo, pangusa uso. Weye si mwizi. Uko mutoto ya Fatouma, mwenye kikaango, mwenye bwana ya heshima na mwenye kachumba kenye mulango wa kutazama barabara, na bengi banaamuka leo mu muji huu bila hata kimoja. Utaamuka mapema, utachoka, na mikeka itafika.

Siku utafungua, nitumie neno hapa ku radio. Nitakuya Kasapa miye mwenyewe, na mikate yangu nitalipa sawa kila muntu, usijaribu kunipatia bure. Ila kama asubui ile, mafuta yako ikianza kulia, ni miye nitakuwa wa kwanza kupita, pale nitanyoosha mukono nipokee, na nitasema jina ya mama yako mbele ya kuuma.

Mama Alima