Rudia Nilichosema

Alhamisi, Agosti 2012. Braamfontein.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule upepo mkavu wa Agosti unaoleta vumbi la machimbo mpaka kwenye meno. Midomo imenipasuka. Nimerudi chumbani saa kumi jioni na sijataka kuongea na mtu.

Leo nimepata alama tisa kwa kumi kwa kumtesa mtu.

Mpango wangu wa masomo unaunganisha digrii mbili: kwanza miaka mitatu ya sayansi, kisha, kwa wachache wanaochaguliwa, miaka minne ya udaktari. Wodini tumechanganywa na wenzetu walioingia udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Wanatuita "watu wa panya", kwa sababu ya miaka yetu ya maabara. Daktari bingwa anayetufundisha naye amelipenda jina hilo. Na ukifeli zoezi la kuzungumza na wagonjwa mara mbili, unaondolewa, unabaki na digrii ya sayansi na aibu ya kuwaeleza wazazi. Mimi nilifeli mara ya kwanza Juni. "Unaongea sana," daktari aliniandikia kwa wino mwekundu.

Mgonjwa wangu wiki hii ni Mama Aline, Mrundi, anayeshona sare za shule kwenye chumba chake kule Turffontein. Kiingereza hajui. Mimi ni Mkenya, kwa hiyo tangu Jumatatu nimekuwa mkalimani wake, na Kiswahili changu cha Nakuru na chake cha Bujumbura vinaelewana vizuri tu. Jana aliniuliza watampasua lini. Majibu ya vipimo yalikuwa hayajatoka. Nilikuwa na haraka, nikamwambia labda kesho.

Leo asubuhi tumemkuta amekaa wima kitandani, kajifunga kitambaa safi kichwani. Uji wake ulikuwa pembeni, haujaguswa.

Daktari alifungua faili, akatueleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, kwamba kansa ya mlango wa kizazi imeshafika kwenye kibofu na mapafu, hakuna cha kupasua. Kisha akanigeukia.

"Wewe wa panya, mwambie. Tuone kama unaweza kuongea na binadamu. Bila hadithi."

Wenzangu wawili walicheka.

Ningeweza kuvuta pazia. Ningeweza kuketi. Niliiona kalamu yake juu ya karatasi ya alama, nikabaki nimesimama pale miguuni pa kitanda.

"Ugonjwa wako ni kansa. Imesambaa. Hutapasuliwa. Hakuna dawa ya kuiponya. Tutakupunguzia maumivu."

Aliniangalia kama mtu anayesubiri sentensi nyingine.

Kwenye ile karatasi kuna kipengele ambacho wengi wetu hukisahau: hakikisha mgonjwa ameelewa, mwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe. Mimi sikukisahau.

"Rudia nilichosema."

"Nini, binti yangu?"

"Rudia nilichosema, nijue kama umeelewa."

Alishika ncha ya shuka. "Umesema nitakufa," akajibu polepole, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Halafu akauliza: "Basi, naweza kula?"

Nikamgeukia daktari. "Ameelewa," nikasema.

Lile swali la chakula sikulitafsiri. Daktari alikuwa ameshahamia kitanda cha pili.

Kwenye korido alinisifu mbele ya wote. Maneno machache, alisema, hakuna machozi, na amehakikisha. Tisa.

Nilitabasamu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kulisema: nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli, nikawaangalia wale wawili waliocheka.

Thandeka, rafiki yangu wa Soweto, hajui neno hata moja la Kiswahili, lakini alikuwa amesimama karibu nami muda wote. "Eish, dada," akaniambia kwa Kiingereza. "Hata mkono hukumshika."

Nikamjibu kwamba kushika mkono hakuna alama.

Saa nane nilirudi kumtoa Mama Aline damu. Nikamkuta na Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayefanya usafi wodini. Alikuwa ameegemeza ufagio ukutani, kaketi kitandani kinyume cha sheria, anamlisha mkate aliouloweka kwenye chai.

"Amekaa na njaa mpaka saa hizi," Mama Furaha akaniambia, bila kupunguza sauti. "Alidhani leo ni siku ya kupasuliwa. Nani alimwambia hivyo?"

Niliinama mpaka uso wangu ukawa sawa na wa mgonjwa.

"Mama Aline, nisamehe kwa yale ya asubuhi."

Alimaliza kutafuna kwanza. "Una mama?"

"Ndiyo. Yuko Nakuru."

"Siku yake ikifika, usiende kumwambia wewe. Mtume mtu mwingine."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia. Kisha akageukia ukutani, akauacha mkono mmoja nyuma yake ili nitoe damu.

Nikaitoa. Sikukosea mshipa.

Mama ameshapiga simu mara mbili jioni hii, anataka kujua zoezi limeendaje. Sijapokea.

Kesho daktari anaanza kuzunguka wodi saa mbili. Mimi nitafika saa kumi na mbili na nusu, kabla hawajagawa uji. Sijui nitamwambia nini Mama Aline, na safari hii sitaki kujiandaa. Akigeukia ukutani tena, nitaketi nikiutazama mgongo wake mpaka wenzangu waje wanikute hapo.