Bomba la Turbo Nililolifunga kwa Mpira

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Mufindi bado nalinda shamba la chai. Mgongo umechoka, lakini nipo. Bibi yako ameniandikia kuwa nyumbani wote ni wazima.

Unasema gari ulilonunua kwa mtu halina nguvu mlimani, na fundi anataka kubadili turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa.

Miaka ya sabini nilikuwa kuli wa lori la viazi. Pale sokoni Mwanjelwa, boneti ikiwa wazi, nilikanyaga bomba la hewa ya turbo, likapasuka. Nikalifunga kwa mpira wa tyubu bila kumwambia dereva. Lori likatambaa hadi Iringa.

“Umeniulia turbo! Shuka, kazi huna,” tajiri mwenye lori alimfokea dereva.

Nikaufungua ule mpira, nikawaonyesha ufa.

“Kumbe mganga aliyelifunga ni wewe!” dereva akasema. Yeye akabaki kazini, mimi nikaondoka kwa miguu.

Mwambie fundi akague mabomba kwanza. Ukikuta bomba limefungwa mpira, usimtukane aliyelifunga. Huenda aliogopa tu.

Babu yako