Tiki za Siku Ambazo Hazijafika

Ijumaa, jioni. Butimba.

Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijakata. Nimejaribu kula, nimeshindwa. Nimejaribu kusali, nikaishia kwenye ishara ya msalaba tu. Basi naandika, maana nikifumba macho namwona Nyamizi.

Nyamizi amefariki leo saa nne asubuhi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, anauza dagaa Igoma. Jumamosi iliyopita alijifungua mtoto wa kiume katika kituo chetu cha afya, uzazi wake wa tatu. Alichanika kidogo, akashonwa, kesho yake akaenda nyumbani anatembea mwenyewe. Jumanne mume wake, Masalu, alimrudisha akiwa amempakia kwenye baiskeli, mwili unawaka moto, anatetemeka, mtoto wake mwenyewe hamtambui. Tulimpa dawa tulizokuwa nazo. Nyingine Masalu alienda kuzitafuta kwenye maduka ya dawa mjini, maana siku hizi za soko huria hata sindano mgonjwa anakuja nayo. Hazikusaidia.

Mimi ndiye meneja wa mradi wa kuboresha huduma za uzazi pale kituoni. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi miaka kumi na moja. Wageni wakiniuliza kazi yangu ni nini, huwa nawaambia: kuhakikisha kila jambo linalomlinda mama linafanyika kila siku, hata siku ambayo hakuna anayetazama. Nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo.

Mwili ulipotolewa wodini nilifungua daftari la kumbukumbu za kuchemsha vyombo vya kuzalishia. Mistari yake niliipiga mimi mwenyewe kwa rula. Kila siku ina kisanduku chake. Mkunga akishachemsha mikasi na koleo, anaweka tiki na sahihi. Jumamosi ilikuwa na tiki. Jumatatu ilikuwa na tiki. Leo pia. Nikataka kulifunga, kisha jicho likashuka chini zaidi.

Jumapili, keshokutwa, ilikuwa na tiki.

Nikafuata kwa kidole. Mwezi ulikuwa umejazwa wote hadi siku ya mwisho, kwa kalamu moja na mkono mmoja.

Sista Pili alikuwa anakunja shuka la kitanda alichofia Nyamizi. Ni mkunga mzee wa wodi. Alianza kuzalisha mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nikamwonyesha ukurasa.

"Sista, Jumamosi vyombo vilichemshwa?"

Hakuacha kukunja. "Mafuta ya taa yaliisha tangu Jumatano ya wiki ile. Tuliosha kwa sabuni, tukamwagia spiriti iliyobaki."

"Mbona hukuandika?"

Hapo akaniangalia. "Niliandika, Meneja. Mradi ulipoanza niliandika HAKUNA MAFUTA, kwa herufi kubwa kabisa. Ukaja kikaoni ukalinyanyua daftari langu mbele ya wenzangu wote, ukasema wodi ya wazazi ndiyo inayouangusha mradi. Ukasema hutaki kuona tena kisanduku kitupu. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu, na watu wanapunguzwa kazi kila kukicha. Nikakupa ulichokitaka."

Ni kweli. Nililinyanyua daftari lile. Nakumbuka watu walivyocheka, na mimi nilivyoona nimefanya kazi ya umeneja. Mwezi uliofuata visanduku vyote vilijaa, nikafurahi. Sikuwahi kuligusa jiko kuona kama lina mafuta. Mimi, muuguzi wa miaka kumi na moja!

Na kuna jambo ambalo Sista Pili hakulisema, pengine kwa huruma. Stoo ya mradi ina mapipa mawili ya mafuta ya taa. Yapo hatua chache kutoka wodini. Ufunguo unakaa kwenye mkoba wangu, na tangu kikao kile hakuna aliyethubutu kuja kuuomba.

Nilienda kwa mganga mfawidhi, mkubwa wetu wa kituo. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

"Andika amekufa kwa homa," akasema. "Homa ni homa. Jumatano wafadhili wanakuja. Wakiufunga huu mradi, glavu utazitoa wapi? Dawa je? Kama unawapenda hao akina mama, nyamaza."

Kinachoniuma ni kwamba hakuwa anasema upuuzi. Nilisimama pale nikaona anaweza kuwa na haki. Kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, nilikuwa nimekubali.

Kisha nikatoka, na barazani alikuwepo mama mkwe wa Nyamizi, amempakata kichanga. Masalu alikuwa amesimama kando yake, suruali imelowa hadi magotini. Nikamwamkia bibi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kiswahili chake kina Kisukuma kingi, anakitafuta polepole. "Nakuuliza wewe, maana umesoma. Mimi Jumapili nilimwacha akanyanyua ndoo. Moja tu. Ni ile ndoo ndiyo imemuua?"

Ningenyamaza, bibi angeondoka na ndoo ile kichwani hadi kaburini kwake.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Siyo ndoo. Mkasi tuliotumia kumshona haukuchemshwa. Uchafu wetu ndio uliomwingia."

Masalu akauliza kwa nini haukuchemshwa. Nikamwambia jiko halikuwa na mafuta ya taa. Akauliza kama yalikuwa yamekosekana mji mzima. Nikamwambia hapana, yalikuwepo stoo, na ufunguo ninao mimi.

Hakunitukana. Nilikuwa nasubiri anitukane, hata anipige. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, akanigeuzia mgongo ili nisiione sura ya yule mtoto.

Bibi alikuwa bado anahangaika na jibu langu. "Mafuta ya taa," akasema. "Si mngetuambia tu? Nyumbani tunayo. Tungekuja nayo kwenye chupa."

Mchana nilifungua stoo. Mimi na Sista Pili tulijaza jiko, tukachemsha kila chombo, tukasimama pale kwa saa nzima tukiuangalia moto. Kisha tukalichukua daftari. Tulizipiga mstari tiki zote za siku ambazo hazijafika. Kwenye Jumamosi niliandika kwa mkono wangu: havikuchemshwa, mafuta yalikuwa yamefungiwa stoo, na nikaweka sahihi yangu. Sista Pili alitaka kuweka ya kwake. Nilimkatalia.

Barua ya wafadhili nimeimaliza hapa mezani, nimeeleza yote. Mganga mfawidhi anajua. Ameniambia Jumatatu niende kumkabidhi funguo zote.

Sijisikii jasiri, wala sijisikii mwepesi kama watu wanavyosema mtu hujisikia akishasema kweli. Nyamizi wanamzika kesho, na mimi sitakwenda, kwa sababu sikuambiwa niende na ni haki yao.

Lakini lililonikalisha hapa tangu saa kumi ni jambo jingine. Leo nimemuuliza Sista Pili alianza lini kujaza visanduku mapema. Akasema, tangu kile kikao. Ni miezi minne. Ndani ya miezi minne mafuta yaliisha zaidi ya mara moja, hakumbuki mara ngapi, na akina mama waliendelea kujifungua na kwenda zao, Igoma, Nyakato, wengine vijijini kabisa ambako hakuna wa kuwarudisha kwa baiskeli.

Wako wapi? Nianze kubisha mlango gani?