Kina Mama wa Alhamisi

Manyatta, Embu
11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwa baridi. Goti lako limepoa? Ng'ombe ameshazaa? Sisi tuko, ila mimi si sana.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na jikoni kwako hapakosi mtu. Yale maumivu ya mwezi yaliyokuwa yananilaza chini nikiwa shule, yale uliniambia yataisha nikiolewa, hayajaisha. Daktari wa Embu mjini ameyapa jina: endometriosis. Nyama kama ile ya ndani ya tumbo la uzazi imeota nje yake, ikanata huku na huku. Ndiyo maana hata Ndambiri akinikaribia kitandani naumia, Mama, naumia mpaka jasho linanitoka. Alidhani simtaki. Sasa tumeenda kwa daktari pamoja na ameelewa. Nikisema acha, anaacha, tunacheka, tunatafuta njia nyingine. Juni nitapasuliwa, na ameshaomba ruhusa kazini aje anishike mkono.

Tafadhali, jambo hili likae kwako. Hata kuomba, omba peke yako.

Ni mimi bintiyo,
Kagwiria


Kianjai
3 Machi 2024

Kagwiria mwanangu,

Bwana asifiwe. Goti ni lile lile. Ng'ombe alizaa dume, hasara tupu. Barua yako niliisoma nikalia mpaka baba yako akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia ni moshi.

Sijaambia mtu. Nimeweka tu mbele ya kina mama wa Alhamisi, na hao si watu, hao ni maombi. Na sikutaja jina! Nilisema "binti yangu aliyeolewa Embu." Celina aliuliza uchungu uko wapi hasa, nikaeleza, maana mtu ataombeaje kitu asichokijua? Tumefunga tangu Jumatatu.

Nakutumia njahi, ile maharagwe meusi tunapikia waliojifungua. Inaosha tumbo. Kula, na uvumilie. Mwanaume hachelewi kuchoka.

Ni mimi mama yako


Manyatta
21 Aprili 2024

Mama,

Salamu. Ukituona utasema tuko wazima.

"Binti yangu aliyeolewa Embu"! Kwani una wangapi Embu? Dada ya Celina anauza nguo soko la hapa mjini, au ulisahau? Pasaka ilikuwa haijafika, mama mkwe akaniingilia jikoni: "Kumbe tulipewa mwanamke mgonjwa, na mimi hapa nangoja jina langu lizaliwe." Unajua msichana wa kwanza lazima aitwe Ciakuthii kama yeye.

Huyo namuweza. Ni Ndambiri simuwezi. Wanaume wa hapa walimuuliza mbele ya watu kama ni kweli mke wake hulia kitandani. Tangu siku hiyo analala kwenye kiti cha sebuleni. Hanitukani, afadhali angenitukana nimjibu. Aliniuliza tu, "Kitanda chetu kilifikaje Kianjai?"

Waambie wanyamaze. Nakuomba.

Bintiyo,
Kagwiria


Kianjai
26 Mei 2024

Mwanangu,

Nakusalimia katika jina la Yesu. Mbona hushiki simu?

Wakwe zako walikuja hapa, Ciakuthii na mzee Muchangi, ndugu ya baba ya Ndambiri. Waliniuliza kama ni kweli. Mimi nimeokoka, ningedanganyaje? Nikawaambia ni kweli, na Juni unapasuliwa. Chai niliwamiminia wakaiacha ikapoa, wakaenda.

Usiwe na wasiwasi. Kina mama wamekodi gari, Jumamosi tunakuja kukuombea hapo kwako. Celina ndiye anaongoza. Mwambie Ndambiri asiende mbali, lazima awekewe mikono.

Mama yako anayekupenda


Embu mjini
14 Julai 2024

Mama,

Natumai mlifika nyumbani salama siku ile. Mliimba vizuri, hata majirani walisema. Ndambiri alipowaona mkishuka na ngoma alitokea mlango wa nyuma akapita katikati ya kahawa, na kesho yake akabeba nguo zake akapeleka kwa mama yake. Hajarudi. Hakuniacha kwa sababu ya ugonjwa, Mama. Ugonjwa tulikuwa tunauweza.

Nilipasuliwa. Veronicah wa kazini ndiye alinishika mkono. Tumbo la uzazi lipo, zile nyama zimetolewa. Daktari anasema zinaweza kurudi, lakini kwa sasa mwezi unakuja na naenda kazini kama watu wengine. Siumwi. Labda hata ningeguswa nisingeumwa, na hakuna wa kunigusa.

Nimehama. Sikuambii ni mtaa gani kwa sababu utapeleka kwa maombi. Haya ya kupona nimekuambia ili upate usingizi. Usiyapeleke Alhamisi. Haya ni yangu.

Kagwiria


Kianjai
20 Agosti 2024

Kagwiria mwanangu,

Bwana asifiwe sana! Hata goti limepoa. Njahi niliyokutumia juzi imerudishwa na watu wa vifurushi, wanasema mwenyewe hapatikani. Barua hii natuma kazini kwako, huyo Veronicah atakupa.

Sikupeleka Alhamisi, nilikutii. Nilisimama Jumapili, ibada ya pili, nikatoa ushuhuda vile Mungu ameponya mtoto wangu tumbo. Kanisa zima lilipiga makofi. Celina alilia mpaka akashikwa. Nilitamani ungekuwepo uone vile watu wanakupenda.

Na jina sikutaja.

Ni mimi mama yako