Mahali pa Mto Palipobaki Wazi

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita, giza bado, tulisikia kopo likigongwagongwa jikoni. Mama akainuka kitandani akidhani ni wewe unakung'uta brashi zako. Kumbe ni mjukuu wako, anakuigiza. Mwaka umetimia, Baba, tangu kopo hilo linyamaze mkononi mwako.

Siku za kazi uliandika mabango ya maduka. Jumamosi ilikuwa ya bonde ulikozaliwa: ubao wa plaiwudi kwapani, basi la kwanza, na jioni unarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Miaka ishirini na sita, ukilichora bonde lilelile. Mama alikutania, "Wenzio wana mke wa pili, wewe una bonde." Ukamjibu, "Tena hilo halinigombezi."

Bango la mama muuza mkaa ulilipamba kuliko la duka kubwa. Ndivyo ulivyokuwa.

Haya nayaandika mimi binti yako, na uso wangu sina pa kuuficha. Miguu ilipokuishia nguvu, uliniomba nikupeleke bondeni, Jumamosi moja tu. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na mtihani wa masomo ya jioni. Nikasema, "Baba, si umelichora mara mia? Litazame hapo ukutani."

Ukacheka kidogo. "Haya, mwanangu. Soma."

Hukuniomba tena. Wiki tatu baadaye tukakuzika.

Tulipopanga mbao zako kwa tarehe ulizoandika nyuma, ndipo nikaona. Halikuwa bonde lilelile. Kila mwaka mto ulikuwa umekula ukingo, ukiisogelea barabara. Wewe hukuwahi kuchora usichokiona. Ubao wa mwisho, uliouanza ukiwa kitandani, una vilima na barabara. Mahali pa mto ni plaiwudi tupu. Nyuma umeandika: "Mto sijui umefika wapi mwaka huu. Nikipata wa kunipeleka, nitamalizia."

Wa kukupeleka nilikuwepo. Nisamehe, Baba.

Jumamosi hiyo iliyopita tuliubeba ubao wako hadi kwenye ukingo ulikozoea kukaa. Tulikuwa wote tunaokukumbuka: mkeo, mdogo wako dereva, aliyetupeleka, mimi mwanao, na mjukuu wako uliyemwita Mzee Kijana. Siku zote tutakukumbuka, wala hatutachoka.

Mzee Kijana alishika kopo lako. Akatazama bondeni, akatazama ubao, akasema, "Babu, mto umefika barabarani."